Jibu: Una siku moja Mwanza? Nenda Bujora

Ndugu yangu, umeuliza uende wapi kuijua historia ya Wasukuma ukiwa na siku moja tu Mwanza. Panda daladala ya Kisesa, uingie makumbusho ya Bujora. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Hapo usiwe na haraka. Ukijaliwa kufika Juni, msimu wa tamasha la Bulabo, utawakuta wachezaji wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakishindana.

Ila kabla ya safari shika maneno haya ya Kisukuma: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Umeona? Jina la kabila lenyewe linaonyesha upande! Ni Wanyamwezi waliowaita hivyo jirani zao wa kaskazini.