Maswali na majibu: Kufuatilia mafua na influenza mtaani

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wenye homa na kikohozi zahanatini wameongezeka kutoka 12 hadi 15 kwa wiki. Niseme kuna mlipuko?

Bado. Uliza kwanza wagonjwa wote walikuwa wangapi. Kama wale 12 walikuwa kati ya 60, ni asilimia 20. Kama hawa 15 ni kati ya 120, ni asilimia 12.5, maana yake sehemu yao imepungua ingawa foleni imerefuka. Pengine dawa ziliisha wiki iliyopita, watu wakabaki nyumbani hadi shehena ilipofika. Ndiyo maana daftari lisilo na jumla ya wagonjwa wote linapotosha. Funga hesabu zote mbili kila wiki, Jumatatu hadi Jumapili, ukitenga walio chini ya miaka 5.

Lakini watu kadhaa wa nyumba moja wakizidiwa ghafla, au kuku wakifa kwa wingi na wanaowahudumia wakaanza kuugua, usingoje asilimia. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Nimhesabu nani hasa?

Shirika la Afya Duniani linataka mambo matatu kwa pamoja: homa iliyopimwa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi, na dalili zilizoanza ndani ya siku 10. Kamasi bila homa usiiingize. Andika siku dalili zilipoanza, si siku mgonjwa alipofika. Kosa hili ni la kawaida mno, na linafanya ugonjwa uonekane umeanza siku kadhaa baadaye kuliko ukweli. Kipimo cha malaria kifanyike pia, kwa sababu mtu anaweza kuwa na malaria na influenza kwa pamoja.

Mbona wengine huingizwa kijiti puani na wengine hapana?

Dalili peke yake hazitofautishi influenza na virusi vingine, na kumpima kila mtu ni gharama kubwa. Vituo vichache huteuliwa kuchukua sampuli kwa utaratibu uleule mwaka mzima. Kijiti hutiwa kwenye majimaji maalumu, kikatunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8 na kufika maabara ndani ya saa 72. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri haifai, huharibu virusi.

Mwanangu alinyeshewa, kesho yake akapata mafua. Ni mvua?

Ni virusi. Huenda alikwisha kuambukizwa: influenza hukaa mwilini siku 1 hadi 4 kabla ya dalili. Msimu wa mvua huchangia kwa njia nyingine, watu wakijifungia ndani na madirisha yakiwa yamefungwa. Hata hivyo, Afrika Mashariki influenza huzunguka mwaka mzima na hupanda zaidi ya mara moja, kwa hiyo usifunge daftari mvua zikikatika.

Mtoto anakohoa. Nimpeleke hospitali lini?

Mhesabu pumzi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kwa dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utakosea, hasa kwa kichanga. Mpeleke akifikisha pumzi 60 ikiwa hajatimiza miezi 2, 50 ikiwa ana miezi 2 hadi 11, au 40 ikiwa ana mwaka 1 hadi 5. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akipata degedege, ondoka naye mara moja, hata usiku. Usimpe aspirini, wala antibayotiki iliyobaki kabatini, haiui virusi.