Mzee Anaposahau Namna ya Kuinuka

Maradhi ya kusahau hayaishii kwenye majina ya wajukuu. Ubongo ndio unaopanga kila hatua, na ukichakaa, mzee hubaki barazani na nguvu zake za miguu, asijue aanzie wapi. Akivutwa mkono hukakamaa, watu wakamwita mkaidi. Masikini, hana ukaidi wowote, na kumvuta huko kunaweza kumtegua bega.

Mkalishe kwenye kiti chenye mikono. Asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma ya magoti kidogo, viganja vikamate mikono ya kiti, kisha ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Hesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu." Toa agizo moja tu, umngoje kama sekunde 10 kabla ya kulirudia. Akishasimama atulie kwanza, kizunguzungu kipite. Na akitembea usimsemeshe: akikusikiliza, miguu husimama.

Nyumba zetu za Unguja na Pemba zina mitego yake. Kizingiti kipakwe rangi inayoonekana. Ndara ziondoke, avae viatu vinavyoshika kisigino. Msala mweusi juu ya sakafu nyeupe yeye huuona shimo, ndiyo maana hugoma mlangoni. Atawadhe ameketi, na miguu ikaushwe kabla hajainuka.

Kudhoofika kunakoletwa na maradhi haya kwa kawaida huenda polepole, kwa miezi na miaka. Kama jana alitembea na leo hasimami, usiseme ni uzee. Huenda ni maambukizi ya mkojo, choo kigumu, dawa mpya (hasa za usingizi na za kutuliza), kiharusi, au nyonga iliyovunjika naye hawezi kueleza. Mguu mmoja ukiwa mfupi na unyayo umegeukia nje, usimsimamishe kabisa. Apelekwe hospitali mara moja, na dawa zake zote mfukoni.

Kosa linaloumiza zaidi hufanywa kwa huruma: kumlaza "apumzike". Siku chache tu za kitandani hula misuli, na magoti yakishakunjamana ni tabu kuyanyoosha. Chakula ale ameketi, na kila baada ya mlo asimame na kukaa mara chache, kadiri awezavyo.

Aliyekwisha kulala moja kwa moja ageuzwe kila baada ya saa 2. Kagua visigino, nyonga na juu ya makalio. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo papasa: palipozidi weusi, pana joto au pamekuwa pagumu, ndipo kidonda kinapoanzia, na hapo pasilaliwe tena mpaka parudi sawa.