Gari la zamani linachemsha: usikimbilie kung'oa thamosta

Kabla ya kushika spana, uliza gari linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni halafu geji ikashuka likipata upepo wa barabarani, mtuhumiwa ni feni. Likiwa shwari mjini lakini likapanda joto ukikamata mwendo kwenda Singida au ukipanda Sekenke, rejeta imeziba au maji hayazunguki vizuri.

Anza na mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya jikoni huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya injini yanahimili zaidi ya hapo kwa sababu mfuniko unashikilia presha, kwa kawaida kilo 0.9 au 1.1 kwa sentimita mraba, kama ulivyoandikwa juu yake. Raba yake ikichanika, maji yanakimbilia tanki la akiba na injini nzima inaonekana mbovu. Kuna mpira wa juu, ule bomba la maji kati ya injini na rejeta, unaoukuta asubuhi umenywea, bapa kama umekanyagwa: vali ndogo ya mfuniko imekwama, maji yameshindwa kurudi kutoka kwenye tanki. Nunua mfuniko wenye namba ileile.

Sasa thamosta, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa, na gari likatulia kwa muda. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota thamosta ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, na ikifika 95 iwe wazi milimita 8 au zaidi. Sufuria ya Dodoma inafika hapo kwa kujikongoja, kwa hiyo usiwe na haraka.

Rejeta ipapase kwa tahadhari gari likiwa limepata moto na kuzimwa, waya hasi wa betri umetolewa, maana feni ya umeme hujiwasha yenyewe. Sehemu iliyo baridi peke yake imeziba. Maji ya kisima yenye chumvi ndiyo huacha ule ugaga mweupe ndani, kwa hiyo changanya kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri (si asidi!).

Ukishajaza, toa hewa: pua ya gari iwe juu, hita kwenye moto, mfuniko wazi, injini iungurume dakika 20 huku unaongeza maji. Mapovu ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea mfululizo hata baada ya thamosta kufunguka, au mpira wa juu ukikakamaa dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, gasketi ya hedi imeungua. Zima, tafuta gari la kuvuta.