Muulize Mama Mratibu: Kikohozi cha Mirerani na ahadi za New York

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite hapa Mirerani. Kila tarehe 24 Machi viongozi wanavaa fulana na kofia za kifua kikuu, wanahutubia, ngoma inapigwa, wanaondoka. Redioni nilisikia hata marais walikutana New York kwa ugonjwa huohuo. Huku shimoni mwenzangu anakohoa tangu Ramadhani iishe, anasema ni vumbi tu. Siasa zao zinatufaa nini? Na Marekani kukata misaada, ndiyo tutaanza kuuziwa dawa? – Msomaji, Mirerani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwenzako. Mpeleke kituo cha afya kesho, siyo wiki ijayo. Vumbi la mawe linaumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia ndiyo kifua kikuu kinayapenda. Anaweza kuwa navyo vyote viwili. Kipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na akikutwa na kifua kikuu sugu, Kibong'oto pale Siha si mbali na nyinyi. Hospitali ile inatibu kifua tangu 1926. Misaada imekatwa, ndiyo, ila utaratibu wa bure haujafutwa. Atakayekudai hela ya vidonge hivyo, mripoti kwa mganga mkuu wa wilaya.

Sasa siasa. Nimestaafu uratibu wa kifua kikuu na ukoma ngazi ya wilaya, kwa hiyo fulana hizo ninazo kabati zima, na sizidharau. Mpango wetu wa taifa ulianza 1977. Daktari Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu kutoka nje, alifanya kazi na Watanzania hapa kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya wagonjwa wengi kwa dawa za muda mfupi, mgonjwa akisimamiwa na kila jina likifuatiliwa kwenye rejista. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na baadaye likaupeleka mtindo huo kwa nchi nyingine ukiwa na masharti matano. La kwanza halikuwa dawa wala darubini, lilikuwa serikali yenyewe kujifunga kuifanya kazi hiyo.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 2018 viongozi waliahidi Umoja wa Mataifa, huko New York, kwamba kufikia 2022 dunia itakuwa inatoa dola bilioni 13 kwa mwaka kupambana na kifua kikuu. Hawakufika hata nusu. Wakarudi Septemba 2023, wakaahidi bilioni 22 kwa mwaka kufikia 2027, na mwaka huo wa 2023 zilizopatikana zilikuwa takriban bilioni 5.7. Watu milioni 1 na robo walikufa kwa kifua kikuu mwaka huo. Mimi siwalaumu kwa kuahidi, nawalaumu kwa kupandisha dau kabla ya kulipa deni la kwanza.

Lakini ipo ahadi moja iliyowahusu nyinyi hasa, na sijui kwa nini hamwisikii kwenye hotuba. Agosti 2012, huko Maputo, wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walitia saini azimio la kifua kikuu migodini, na Tanzania ni mwanachama. Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu hawakungoja maazimio. Walikwenda mahakamani kudai fidia ya vumbi na kifua kikuu, na mwaka 2018 makampuni makubwa yakakubali kulipa takriban randi bilioni 5. Mfuko wa Tshiamiso ndio unaowalipa, hata wale waliotoka Lesotho na Msumbiji na familia za waliokufa.

Nyinyi mna ugumu wenu: mwanaapolo hana mkataba, leo yuko shimo hili, kesho lile, na tajiri anayewalisha naye anabahatisha. Utamshitaki nani? Kwa hiyo anzeni na linalowezekana: mwenye leseni alete maji ya kuchorongea, mwamba uchorongwe ukiwa umelowa. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi lile laini.

SWALI: Mimi ni diwani mpya. Kwenye baraza niulize nini kuhusu TB, maana kila taarifa inasema "hali ni shwari"? – Diwani, Handeni

JIBU: Mheshimiwa, uliza nani analipa mafuta ya pikipiki. Ndiyo, pikipiki. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi kutafuta TB, haipo kila zahanati, kwa hiyo kikopo cha makohozi kinafungwa kwenye kisanduku cha barafu, kinakwenda na bodaboda hadi penye mashine. Usafiri huo, na posho ya wahudumu wa jamii wanaofuata waliokaa nyumba moja na mgonjwa, mara nyingi vilikuwa vikilipwa na wafadhili. Tangu Januari 2025 mlango wa Marekani ulipofungwa, vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyokatika kwanza, na havionekani kwenye taarifa, kwa sababu mgonjwa asiyepimwa hahesabiwi.

Abuja, mwaka 2001, marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hilo waachie wabunge. Wewe omba kitabu cha bajeti ya halmashauri, tafuta kifungu cha kifua kikuu kwenye mapato yenu ya ndani, na ukikuta sifuri, msomee mkurugenzi kwa sauti waandishi wakiwa wamekaa.