Dadangu, plazma haingemwokoa kakako

Juzi dada mmoja wa Siaya amenitumia meseji ndefu, ati mwaka wa 2021 kakake alilazwa na Korona, wakazunguka kote wakitafuta mtu aliyepona atoe plazma, ile sehemu ya maji ya damu, wakampata wakiwa wamechelewa, kaka akaaga. Anauliza, tungempata mapema angepona? Nimejibu hapa kwa sababu najua mko wengi na hilo swali, na kwetu pia lilivunja familia.

Juni 2021 hapa Kisumu mnakumbuka vizuri. Kirusi cha Korona aina ya Delta kimeingia, kaunti 13 za Nyanza na magharibi zimewekewa masharti, saa moja jioni kafyu. Shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, akalazwa mapafu yakiwa yameshazidiwa. Grupu la familia likajaa, "Anatafutwa mtu wa O positive aliyepona Korona, haraka jamani." Na hata hapo hakuna aliyeuliza mtu anayejua, maana plazma haifuati njia ya damu, mwenye AB ndiye anayeweza kupea kila mtu, na mgonjwa wa O anapokea ya grupu yoyote. Kuna kijana jirani wa grupu A alijitolea akaambiwa hafai, akaenda zake.

Halafu akajitokeza jamaa anasema mtu wa plazma anaye, lakini pesa kwanza, itumwe kwa simu. Pesa ya mchango nilikuwa nashika mimi. Nikakataa. Daktari alikuwa ametueleza pale kwa korido, polepole, barakoa mbili usoni, kwamba kwa hali aliyofika plazma haitamsaidia, pesa yetu tuiweke kwa oksijeni na dawa. Niliitwa mchoyo. Shangazi mmoja akapost video ya Trump akiitangaza Agosti 2020, akaniandikia mbele ya wote, "Marekani wanatumia, wewe ni nani?" Shemeji akafariki, na kwa matanga nilikaa na majirani kwa sababu dada hakutaka kuniona. Bado inaniuma, sitawadanganya.

Lakini nilikuwa sawa. Uingereza walifanya utafiti unaitwa RECOVERY, wagonjwa waliolazwa zaidi ya 11,000, nusu wakapewa plazma nusu wakapata matibabu ya kawaida tu, na baada ya siku 28 waliofariki walikuwa asilimia 24 upande huu na asilimia 24 upande ule. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, likasema kwa mgonjwa ambaye hajazidiwa isitumike, na kwa aliyezidiwa iwe ndani ya utafiti peke yake. Sababu inaeleweka. Plazma inaleta kingamwili, yaani askari wa mwili, za mtu mwingine kupigana na virusi, na virusi vinashambulia zaidi siku za kwanza. Mtu akifika mahali hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, mara nyingi ni kinga yake mwenyewe iliyopandwa na hasira inachoma mapafu, na hapo kinachosaidia ni oksijeni na deksamethasoni, dawa ya bei ya chini, ambayo utafiti huo huo ulionyesha Juni 2020 kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwa ventileta, mashine ya kupumulia. Mahali plazma ilionyesha matunda ni kama kule Argentina, wazee waliopewa ndani ya saa 72 tangu dalili zianze, tena ile yenye kingamwili nyingi. Nani kwetu alienda hospitali ndani ya saa 72? Tulikuwa bado tunajifukiza mwarobaini.

Kwa hivyo ndugu zangu, mgonjwa akiwa kitandani muulizeni daktari. Kabla ya kuchanga, muulizeni daktari. Kabla ya kufowadi, muulizeni daktari, mwambieni atumie Kiswahili, mwambieni arudie. Damu haiuzwi, anayetaka utume pesa ndiyo alete damu anawaibia mkiwa kwa machozi. Na mgonjwa mpelekeni mapema, akianza kuhema msingoje Jumatatu. Tunapenda kuchanga sana mtu akishazidiwa, ilhali nauli ya siku ya kwanza inatushinda, na hiyo tabia lazima tuiache.

Wewe dada wa Siaya, hamkuzembea. Mlimtafutia kila kitu mlichosikia. Kuna mtu kwenu akianza tena kusema ungekimbia zaidi, mwonyeshe hiyo 24 kwa 24, na akikataa kuelewa, mpatie namba yangu nimwelezee mwenyewe.