Cheti Nilichopewa kwa Kuanua Dagaa

Mwezi wa nne mwaka 2024, mvua zikiwa hazijakata, niliitwa mbele ya mkutano wa mtaa hapa Kigoma nikapewa cheti, doti ya kanga na bahasha. Kisa? Naanua dagaa za watu.

Kwa asiyeujua mwalo, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, nieleze kidogo. Wavuvi wetu wanaingia Ziwa Tanganyika siku za giza, wanawasha taa, dagaa zinaifuata nuru. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, kwa sababu ziwa lote lina mwanga na taa haina cha kuvuta. Alfajiri wakirudi, sisi wanawake tunanunua kwa beseni na kuanika. Nenda Katonga, nenda Kibirizi, utakuta hivyohivyo. Jua likiwaka vizuri, dagaa za asubuhi jioni zinalia mkononi kama majani makavu. Lakini mvua izikute zimekauka nusu! Zinalegea, zinageuka njano, vichwa vinakatika, na kesho yake mteja wako ni mfuga kuku. Mtaji umekwenda hivyo.

Kwa hiyo wingu likitanda, mtu anakimbia. Ukimaliza chanja yako, yaani kile kitanda cha kuanikia, na ya jirani bado iko wazi, unaanua na yake. Sijawahi kukaa nikafikiri kwamba huo ni wema. Jirani yangu wa chanja ya pili ni mama mtu mzima, amenizidi miaka kama ishirini, na siku zake za kliniki ya presha nilikuwa namwanulia, nageuza, namfungia kwenye gunia. Akirudi ananiambia ahsante mwanangu, mara nyingine ananikatia kipande cha muhogo. Yakaisha.

Sasa wakatokea watu wa mtaa wakaona nitunzwe. Nia yao nzuri, siwalaumu kwa hilo. Ila ningejua ninayoyajua leo, ningefanya jambo moja kabla ya siku ile: ningemfuata mwenyekiti nimuulize, "Utasema nini kuhusu mimi, na utamtaja nani?"

Sikuuliza. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akanisifu, mkutano ukapiga makofi. Angeishia hapo. Akaendelea: kuna bibi hapa hana mtu, watoto wamemtupa, anaumwa, bila huyu dada angekuwa anaombaomba. Na huyo bibi, yule jirani yangu wa chanja, alikuwa mstari wa pili! Vichwa vikageuka vyote. Nilimwona anavuta kanga taratibu mpaka ikafunika uso, na mimi nimesimama mbele nimeshika cheti kwa mikono miwili, natabasamu kwa ajili ya picha.

Kuombaomba ni uongo, wala hawajamtupa. Mwanawe yuko Mpanda na anatuma anachopata. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kusema?

Kosa la pili nililifanya mwenyewe. Nilipopewa kipaza sauti nikasema, "Mimi sijafanya kitu." Nilidhani ndio unyenyekevu. Mwenzangu mmoja alinisema baadaye: ukisema hujafanya kitu, waliokupa zawadi unawafanya wajinga. Sema ahsanteni, inatosha. Halafu wataje wenzako. Mimi sikuwahi kuanua peke yangu. Kuna kijana wa mkokoteni anayeacha mzigo wake barabarani kuja kushika ncha ya turubai, na kuna dada muuza uji anayetupigia kelele wingu likianza. Wote walikuwepo pale, sikumtaja hata mmoja. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kwa hiyo ukijua utaitwa, andika majina kwenye kikaratasi. Usiiamini akili yako mbele ya watu mia mbili.

Picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ikafika mpaka Dar es Salaam kwa ndugu ambao hatujasalimiana tangu msiba wa mwaka juzi. Tarehe 15 Mei ziwa likafungwa, miezi mitatu hakuna kuvua, mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mwaloni pakawa kimya, vyanja vitupu, watoto wanachezea juu yake. Mimi sina dagaa, jirani hana dagaa, lakini mwenye cheti ni mimi. Wakaanza kuja. Mmoja ada, mwingine unga, mwingine nauli ya kwenda Kasulu. Wa kwanza nilimpa, wa pili nikampa, kwa aibu tu, kwamba mama mwema atakataaje. Wa tatu alipokuja, ndani kwangu kulikuwa na unga wa siku mbili. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi naanua dagaa. Sikopeshi." Akacheka, nami nikacheka, akaondoka. Sentensi hiyo niliitumia mpaka ziwa likafunguliwa, na nakushauri utafute ya kwako mapema. Watu wamekusifu kwa kitu kimoja. Usikubali kukigeuza kuwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Lakini lililoniuma ni mama yule. Tangu siku ya mkutano salamu zetu za asubuhi zilikuwa fupi. Namwamkia, ananiitikia marahaba ya mdomoni. Ziwa lilipofunguliwa alihamishia dagaa zake kwenye chanja ya mwisho kabisa, karibu na mawe. Waswahili wanasema tenda wema nenda zako. Uende wapi, wakati kesho mnaanika mwalo mmoja?

Nilifikiria kumpelekea sukari na sabuni. Bahati nzuri sikupeleka. Ningekuwa namwongezea deni lilelile. Nikachukua ile bahasha ya mkutano, ambayo sikuwa nimeigusa hata wakati wa njaa (hapa nijisifu kidogo), nikaongezea, nikanunua turubai kubwa la kufunika vyanja vitatu. Jioni nikaenda kwake mikono mitupu. Nikamwomba radhi kwa maneno yaliyosemwa, nikamwambia nilipaswa kuyakanusha palepale nikanyamaza. Akawa anachambua mchele, haniangalii. Nikamwambia nina shida: nimenunua turubai, kwangu ni mbali na mwalo, litaibwa. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu. Anaweza kunitunzia, na mvua ikija alitoe yeye?

Aliuliza lina urefu gani. Nikamwambia. Akaendelea na mchele, akatoa kijiwe, akakitupa nje ya mlango.

"Lilete," akasema. "Lakini kulikunja nalikunja mimi. Wewe hujui kukunja."

Mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta mwezi wa kumi, saa saba mchana. Nilikuwa nimeinama napima kisado cha mteja, nikasikia sauti yake kutoka kule juu, turubai liko begani, mwalo mzima wanasikia:

"Wewe mwenye cheti! Huoni wingu hilo? Njoo ushike huku!"