Goniopora inanyauka Njiro: kabla ya chakula, tuangalie ndoo ya kujazia

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Njiro, Arusha, nina tangi la maji chumvi la lita 250, huu mwaka wa pili. Miezi saba iliyopita nililetewa tumbawe aina ya goniopora, ya kijani, kutoka Nairobi. Miezi minne ya kwanza ilichanua hadi ikazidi kiganja changu. Sasa inafunguka nusu tu, na upande mmoja nyama imeondoka, mfupa mweupe unaonekana. Nilisoma kwamba goniopora hufa kwa njaa, nikaanza kuilisha dagaa wa Mwanza waliosagwa, mara tatu kwa wiki, lakini hali inazidi kuharibika. Vipimo vya Jumapili, kabla sijabadilisha maji: joto 25, chumvi 1.025, KH (kipimo cha kabonati na bikaboneti) 12.6, kalsiamu 390, naitreti 25, fosfeti 0.3. Maji ya bahari naletewa na basi kutoka Tanga, madumu manne ya lita 20 kila mwezi. Yanayopungua katikati najazia ya kisima, nayachemsha kwanza. Niipe chakula gani? Na nikiongeza ya pili, nyekundu, nitakuwa najitafutia hasara?

JIBU: Marahaba, dada. Chakula nitakifikia, na hao dagaa nina neno nao. Ila kilichonishtua kwenye maelezo yako ni ile sentensi ya maji ya kisima, uliyoichomeka karibu na mwisho kana kwamba ni jambo dogo.

Maji ya tangi yanapopungua kwa mvuke, kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi na madini yote hubaki ndani. Kwa hiyo unachorudisha nacho kinatakiwa kiwe maji matupu, na maji ya visima vyetu si matupu hata kidogo. Yamepita kwenye miamba ya volkano ya Meru, yakabeba bikaboneti ya sodiamu, silika na floraidi. Hiyo floraidi sina haja ya kukueleza, meno ya wenyeji wa huku yanaieleza vizuri kuliko mimi. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Bikaboneti ya sodiamu haitoki kwa moto, na floraidi ndiyo kwanza inabaki kwenye maji machache zaidi.

Tupige hesabu. Kiangazi cha Arusha hewa ni kavu, na tangi la wazi la ukubwa wako linaweza kupoteza lita 3 kwa siku, yaani lita 90 kwa mwezi. Chukua kisima chenye KH ya 7, ambayo kwa visima vya chini ya Meru si ya ajabu. Lita 90 mara 7, gawanya kwa 250: unaongeza KH ya 2.5 kila mwezi bila kujua. Kisima hicho kikiwa na floraidi miligramu 3 kwa lita, mwezi mmoja unaongeza karibu miligramu 1 kwa kila lita ya tangi, wakati maji ya bahari yenyewe yana kama 1.3 tu. Na ule utando wa kahawia kwenye kioo, ambao hukuutaja ila naamini unausugua kila wiki, unalishwa na silika.

Halafu yanafika madumu ya Tanga. Maji ya bahari ya kawaida yana KH ya karibu 7. Ukitoa lita 80 za tangi lenye 12.6 na kuweka lita 80 zenye 7, unashuka hadi karibu 10.8 ndani ya saa moja. Kisha kisima kinapandisha taratibu mwezi mzima, basi linafika tena, inaporomoka tena. Tumbawe linalojenga mfupa wake wa chokaa linaweza kuizoea KH ya 8, hata ya 10 likaizoea. Kinacholimaliza ni hiyo bembea. Na goniopora ina tabia mbaya ya kutolalamika mapema: hula akiba yake miezi mitatu, minne, ikiwa imechanua vizuri kabisa, ndipo inaanza kujikunja. Miezi minne yako ya raha ilikuwa ya akiba. Nasema hivi nikiwa nimeua mbili mwenyewe, zote Moshi, zote nikiamini zina njaa.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya jambo lingine lolote, chukua kile kipimo chako cha KH upime maji ya kisima yenyewe. Nunua pia kalamu ya TDS, inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, bei yake si ya kutisha, wauza mashine za kusafisha maji wanazo. Unatafuta maji yanayosoma 0, au chini ya 5. Maji ya kunywa ya kujaziwa kwenye vibanda hupitia RO, yaani husukumwa kwenye utando unaozuia madini, lakini wengine huyarudishia madini ili yawe na ladha, kwa hiyo usinunue kwa maneno, chomeka kalamu.

Ukiamua kufunga RO nyumbani, jambo moja huwaangusha wengi: presha. Utando wa RO unataka kama bar 3 hadi 4. Simtanki juu ya mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6, basi. Mteja anafunga mashine ya gharama, inadondosha matone kama bomba bovu, anasema ameuziwa feki. Siyo feki, inahitaji pampu ndogo ya kusukuma. Mwishoni weka kichujio cha resini, maana floraidi na silika kidogo huponyoka kwenye utando. Maji taka yake, ambayo ni mengi kuliko yale masafi, osha nayo gari au peleka chooni. Mboga usizimwagilie, yana madini maradufu.

KH usiishushe kwa pupa. Ukiacha kisima, itashuka yenyewe. Badala ya madumu manne kwa mkupuo, badilisha lita 20 kila wiki, lengo likiwa 8 hadi 9, na isishuke zaidi ya 0.5 kwa siku. Maji ya Tanga sina ugomvi nayo, mradi anayekuchotea achote bamvua limejaa, mbali na mito, na asichote wakati wa masika. Kila dumu lipime chumvi kabla halijaingia.

Sasa chakula.

Ndani ya nyama ya goniopora kuna mwani wa seli moja unaotengeneza sukari kwa mwanga. Sukari hiyo ni ugali. Inashibisha, inatia nguvu ya kuchanua, lakini ugali mtupu haujengi mwili. Mboga, yaani protini, naitrojeni na fosforasi, tumbawe huitafuta kwa minyiri yake kutoka kwenye maji. Kwenye miamba zinakoishi, mara nyingi kwenye maji yenye tope kidogo nyuma ya miamba mikubwa, mboga hupita usiku na mchana katika chembe ndogondogo. Aliyekuambia zinakufa njaa hakukudanganya. Ila mdomo wa polipi, yaani kile kiumbe kimoja kimoja kinachochanua kama ua kwenye goniopora, ni mdogo sana, na hapo ndipo dagaa wako wanapokwama. Unga wa dagaa una vipande vikubwa visivyoshikika na mafuta yanayoelea juu, halafu umesagwa na mifupa. Mfupa wa samaki ni kalsiamu fosfeti. Ile 0.3 yako imetoka kwenye kinu. Fosfeti nyingi huzuia tumbawe kujenga mfupa, kwa hiyo unaielemea mara mbili kwa chakula ambacho hata haili. Dagaa wape kuku.

Tafuta vitu vya chini ya theluthi moja ya milimita. Bora kabisa ni rotifa, vijiumbe vidogo sana vya majini, hai au waliogandishwa. Ukikosa, unga wa planktoni unaotengenezwa maalumu kwa matumbawe: robo kijiko cha chai kwa tangi lako ni nyingi, anza na nusu ya hiyo. Loweka kwenye kikombe cha maji ya tangi dakika kumi hadi ulainike. Zima pampu kubwa na skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu), acha mkondo mdogo tu, kisha tumia bomba la sindano lisilo na sindano, umwage wingu juu ya polipi kutoka umbali wa kama sentimita 5. Usizipulizie usoni, zitajikunja. Ukiona ncha za minyiri zinapinda kuelekea katikati na kitovu cha polipi kinavimba, inakula. Dakika 15, washa kila kitu. Mara mbili kwa wiki inatosha mpaka fosfeti ishuke, kisha mara tatu.

Artemia wa kuangua, yaani vikamba vidogo vya maji chumvi, nao wanasaidia, ingawa kwa karibu nusu milimita ni wakubwa kwa polipi nyingine, na ni lazima uwape siku ileile ya kuanguliwa kabla hawajamaliza kiini chao. Chupa ya soda iliyogeuzwa, chumvi gramu 25 kwa lita, hewa na taa. Vitabu vinasema saa 24, lakini vinazungumzia nyuzi 27 au 28. Julai ya Arusha, sebule ikiwa na nyuzi 18, utasubiri siku mbili na wengi hawatatoka. Ning'iniza chupa ndani ya tangi lenyewe, pembeni ya hita. Wakishatoka zima hewa dakika kumi, maganda yaelee, wachuje kwa kitambaa, uwasuuze.

Hizo dakika 15 za pampu kuzimwa nazisisitiza kwa sababu ya mwinuko. Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, presha ya hewa ni karibu asilimia 85 ya ile ya Tanga, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hichohicho. Ukilisha usiku, ukasahau kuwasha, au umeme ukakatika chakula kikiwa majini, samaki ndio watakaotangulia. Lisha mchana, na uwe na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha.

Fosfeti ishushe hadi kati ya 0.05 na 0.1, naitreti iwe 5 hadi 15. Usifike sifuri! Watu hununua dawa ya kunyonya fosfeti, wanafurahi kipimo kikisoma sifuri, na goniopora inajifunga. Matone ya manganizi na chuma yanayosifiwa sana yaache kwanza. Usiongeze kitu usichoweza kukipima.

Upande uliokufa uangalie kwa tochi usiku. Ukiona ute wa kahawia kama jeli unaokwenda haraka, hilo ni gonjwa: unyonye kwa mpira pampu zikiwa zimezimwa, tenga tumbawe, kata sehemu iliyooza pamoja na sentimita moja ya nzima. Kama ni nyama inarudi nyuma polepole na mfupa ni msafi, liache mahali pake. Usilinyanyue likiwa limechanua, maana nyama iliyojaa maji huchanika kwenye ncha za mfupa. Liguseguse, subiri lijikunje lote. Mwanga uwe wa wastani, theluthi ya chini ya tangi, na mkondo uziyumbishe polipi kama mpunga wa Mabogini asubuhi, siyo kuzilaza upande mmoja. Majirani wakae sentimita 15 mbali, minyiri hiyo inachoma. Na chungulia kati ya polipi: baadhi ya goniopora za kijani huzaa vidonge vidogo vyenye polipi zake. Ukiviona, hata mama akifa una mbegu.

Jambo dogo, hesabu minyiri ya polipi moja. Ikiwa 24 ni goniopora. Ikiwa 12 uliuziwa alveopora, jamii nyingine inayofanana nayo, na matunzo ni haya haya.

Ya pili usinunue sasa. Nyekundu kwa kawaida zina nguvu kuliko za kijani na hukubali chakula upesi, kwa hiyo wazo si baya, wakati ndio mbaya. Subiri KH ikae bila kuyumba miezi mitatu. Ukinunua, dai karatasi: matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kipande kinachovuka mpaka wa Namanga bila kibali ni magendo, hata kikiwa kimefungwa vizuri kwenye mfuko wa oksijeni. Vilevile yule wa madumu mwambie asikuokotee tumbawe Tanga kwa nia njema. Akuletee maji tu.

Ukishapima kisima niandikie namba ya KH na ya TDS, pamoja na lita unazojazia kwa wiki. Kwa hizo tatu nitakwambia kama RO ya kawaida inakutosha au utahitaji resini ya hatua mbili.